Chumvi ya Mheshimiwa

Juzi nilifungua tangi la maji ya mvua lililo nyuma ya nyumba ili nilisugue. Lilikuwa limekaa muda mrefu bila kuguswa, na nilipoingiza kichwa ndani, harufu ikanipokea: maji yaliyotuama, utelezi wa kijani ukutani, na ubichi fulani kama wa samaki aliyetolewa ziwani sasa hivi. Mtu mwingine angeziba pua. Mimi nilibaki nimeinama pale nikiivuta, mpaka mke wangu akapaza sauti kutoka jikoni akiuliza kama nimeangusha kitu humo ndani. Nikamwambia hapana. Lakini kwa kweli nilikuwa nimerudi sebuleni kwetu, mtoto wa darasa la pili, nimepiga magoti mbele ya ndoo yenye chura.

Tulikuwa tukikaa Kisumu, kwenye njia ya kuelekea ufuo wa wavuvi wa Dunga, mahali ambapo upepo wa mchana ulileta ziwa mpaka mlangoni. Mama alikuwa mshonaji wa sare za shule, na cherehani yake ndiyo iliyokuwa saa ya nyumba. Ikinyamaza tulijua ni wakati wa kula. Baba alifanya kazi Muhoroni, akiendesha trekta la kupeleka miwa kiwandani. Tulimwona mwisho wa mwezi, akishuka na fungu la miwa begani na harufu ya dizeli ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuishinda. Kwangu alikuwa kama mgeni mkubwa anayejaza kiti kizima. Nilimpenda, lakini sikujua nimwambie nini. Na kulikuwa na dada yangu Anyango, aliyenizidi kwa miaka mitatu na kwa kila kitu kingine.

Chura alikuwa wake. Karibu na kwetu kulikuwa na shimo la msingi ambalo mtu alilichimba akaliacha, na mvua zilipokuja likawa bwawa. Anyango alikwenda huko na chujio la chai la mama, akarudi na kiumbe ambacho sikuwa nimekiona kabla. Hakuwa chura wa kurukaruka nyasini. Huyu hakutoka majini hata kidogo. Alikuwa bapa, wa rangi ya tope, anateleza kama sabuni iliyolowa, macho madogo yamekaa juu ya kichwa kana kwamba muda wote anatazama mbinguni, na kwenye vidole vya miguu ya nyuma alikuwa na kucha ndogo nyeusi. Hakuwa na ulimi. Ukimpa kipande cha omena, dagaa wa ziwani, alikisukumia mdomoni kwa mikono yote miwili, haraka haraka, kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

Anyango alipomwona akila mara ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini.

"Huyu ni mheshimiwa," alisema. "Ona vile anakula na mikono mbili!"

Jina likabaki. Mama alipiga kelele aliyosikia jirani. "Wuoi! Ogwal ndani ya nyumba yangu?" Ogwal ndiyo chura kwa Kijaluo, na jinsi alivyolitamka neno lile ungedhani ni mamba. Lakini Anyango alikuwa na njia zake. Alitafuta ndoo nyeupe iliyokuwa ya mafuta ya kupikia, akaifunika kwa kipande cha chandarua na kukifunga kwa kamba, akaweka jiwe na majani ya bwawani ndani, na kufikia jioni Mheshimiwa alikuwa na kwake, chini ya dirisha, kando ya cherehani. Baada ya muda nilimsikia mama akimsemesha huku akishona. Alikuwa akimwambia juu ya mteja fulani asiyeridhika na pindo.

Sikumbuki ni lini hasa uso wa Anyango ulianza kuvimba. Nakumbuka tu kwamba mwanzoni tulifurahi. Aliamka asubuhi mashavu yamejaa, macho yamefinyika, na mimi nikamwita bonge. Jirani mmoja alimsifu mama kwamba sasa anamlisha mtoto vizuri. Kisha viatu vya shule vikakataa kuingia. Kisha mama, akimpima gauni, alibonyeza mguu wake kwa kidole, na kidole kilipoondoka shimo likabaki pale, kama unapobonyeza unga uliokandwa. Mama alilitazama lile shimo. Alikunja gauni, akavaa kitambaa cha kichwa, na siku ile ile wakaenda hospitali.

Kabla ya kutoka, Anyango aliinama juu ya ndoo, akaaga, kisha akanigeukia.

"Odi, maji ubadilishe. Omena umkatie kidogo kidogo. Ukimwacha akufe nitajua."

Wakamlaza. Baba akaja kutoka Muhoroni bila miwa.

Nilichoelewa juu ya ugonjwa wa dada yangu nilikiokota kutoka kwa watu wazima waliodhani sisikii. Nilimsikia baba akimwambia jirani mlangoni kwamba figo za Anyango zinavuja, na maji yanamjaa mwilini badala ya kutoka. Kuvuja nilikujua. Jerikani letu la manjano liliwahi kuvuja, na mama aliliziba kwa kuyeyusha plastiki juu ya tundu. Kwa hiyo nilijua kwamba ndani ya Anyango kuna tundu, na nilishangaa madaktari wanangoja nini. Jambo la pili nililosikia lilikuwa juu ya chumvi. Daktari alikuwa amesema asiguse chumvi kabisa. Baba alilirudia kwa simu, kwa shangazi, kwa majirani, kwa kila aliyeuliza: "Chumvi ni sumu kwake. Hata punje." Tangu siku hiyo nilianza kuuogopa mkebe wa chumvi uliokuwa jikoni. Nilipita mbali nao.

Hospitali haikuruhusu watoto kuingia wodini kuona wagonjwa. Mama alilala huko na Anyango, baba alikwenda na kurudi, na mimi nilibaki na ndoo. Nilikuwa nikitoka shuleni mbio, nakata omena kwa kisu butu, vipande vidogo kama nilivyoambiwa. Sikuwa na kitu kingine cha dada yangu cha kushika.

Ndipo Mheshimiwa naye akavimba.

Ilianza tumboni. Nilidhani ameshiba. Siku zilizofuata akawa mviringo kama mpira wa tenisi, ngozi imekazwa mpaka inang'aa, miguu imetokeza pembeni kama imechomekwa. Hakuweza tena kuzama. Alielea juu, akijaribu kupiga mbizi na kurudishwa, akijaribu na kurudishwa. Omena ilimpita mbele ya mdomo naye hakuinua mkono.

Nilimtazama nikajua. Ulikuwa ugonjwa ule ule. Maji yalikuwa yamemjaa kama yalivyomjaa Anyango, na kama walikuwa na ugonjwa mmoja basi walikuwa na mwisho mmoja. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Lilikuja lenyewe, na likakaa ndani yangu kama kitu cha kweli kabisa. Nilianza kukataa chakula. Mwalimu alinikuta nimelaza kichwa kwenye dawati na akadhani nina malaria.

Mchana mmoja wa Jumamosi baba alinikuta nimeikumbatia ndoo kwa mikono yote miwili. Alikuwa ametoka kupika ugali mgumu, ule wa wafanyakazi wa kambini Muhoroni, na bado alikuwa na mwiko mkononi.

"Wewe, kuja ukule."

"Baba, Mheshimiwa ako na ugonjwa ya Anyango."

Nilitarajia acheke, au aseme ni chura tu. Baba yangu aliweka mwiko juu ya cherehani, kitu ambacho mama angemuulia, akachuchumaa mbele ya ndoo, magoti yakalia. Alitazama muda mrefu.

"Kweli amefura," alisema polepole. Kisha akasimama. "Chukua hiyo chandarua. Twende kwa Madam."

Madam Achola alikaa nyumba chache kutoka kwetu na alifundisha biolojia kwenye sekondari ya wasichana. Alikuwa akianua nguo tulipofika, baba mbele na ndoo, mimi nyuma. Alilowesha mikono yake kwanza, akamshika Mheshimiwa kwa upole, kidole kimoja kati ya miguu ya nyuma, akamgeuza tumbo juu. Akamrudisha.

"Huyu chura hakunywi maji na mdomo," alituambia. "Anakunywa na ngozi, saa zote. Mwili yake ndiyo inafanya kazi ya kuitoa. Sasa hiyo kazi imemshinda, maji imebaki ndani."

"Ako na dawa?" baba aliuliza.

"Dawa sijui, lakini kuna kitu mnaweza jaribu. Chumvi. Si ile ya jikoni. Ile ya mawe, yenye wanatia samaki pale Dunga. Kidogo tu kwa maji, mnamweka humo, kisha mnamrudisha kwa maji safi. Kila siku. Na hayo maji ya mfereji iache ikae kwanza kabla ya kumwekea, iko na dawa ya kusafisha. Na Baba Anyango, mikono yako. Hiyo dizeli ataikunywa yote."

Sikusikia mengine. Nilisikia neno chumvi, na masikio yakaziba.

Baba alikwenda Dunga mwenyewe, akarudi na chumvi ya mawe kwenye karatasi, vipande vya kijivu vilivyonuka samaki. Alichanganya kwenye karai. Aliponigeukia ili nimpe chura, alinikuta nimesimama mbele ya ndoo, mikono nimeitandaza.

"Odi, toka hapo."

"Sitoki."

"Madam amesema nini?"

"Itamuua!"

"Chura hatakufa."

"Itamuua Anyango!" Nilianza kulia kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu. "Wewe ndiyo ulisema chumvi ni sumu! Ulisema hata punje! Ukitia Mheshimiwa, Anyango atakufa huko hospitali!"

Baba alibaki na karai mikononi. Alijaribu kunieleza, kwa maneno ya Madam Achola, kwamba chumvi ya chura inakaa nje na kuvuta maji yatoke, na chumvi ya mtu inaingia ndani na kushika maji yasitoke. Nilitikisa kichwa. Nilijua nilichojua. Angeweza kunisukuma kando. Alikuwa mtu wa kunyanyua tairi la trekta peke yake. Badala yake aliweka karai chini, akakaa sakafuni, mgongo ukutani, miguu mirefu imefika mpaka chini ya meza.

"Trekta ikiharibika," alisema baadaye, wala hakuwa ananitazama, "mimi nafungua. Natoa kitu mbovu, naangalia, naweka ingine. Hii ya dada yako siwezi fungua. Nakaa hapo nje ya wodi kama gunia." Akafuta uso kwa kiganja. "Vaa viatu."

"Tunaenda wapi?"

"Kuuliza mwenye chura."

Sijui alimwambia nini nesi. Nilimwona kwa mbali akiwa amevua kofia, ameinamisha kile kichwa chake kikubwa, na nesi akimsikiliza huku akinitupia macho. Mwishowe alituonyesha benchi kwenye veranda ya nje. Tulikaa. Na baada ya kitambo mlango ulifunguka, mama akatoka akimshika mkono msichana ambaye sikumtambua.

Alikuwa amevimba kuliko nilivyomwacha. Macho yalikuwa mistari miwili. Tumbo lilikuwa limeinua shuka alilojifunga. Nilijificha nyuma ya mkono wa baba. Kisha yule msichana akasema, kwa sauti ya dada yangu, ya kuamrisha, "Mbona umekuja? Nani ako na Mheshimiwa?"

Nikamwambia yote. Nilimweleza jinsi chura alivyofura, jinsi anavyoelea, kuhusu Madam na ile chumvi ya mawe. Nikamwambia sitaki atiwe chumvi kwa sababu yeye Anyango haruhusiwi, na kwamba wakitia kwa mmoja itampata na mwingine. Mama aliweka mkono mdomoni. Anyango alinisikiliza mpaka mwisho, uso wake ule usioweza kuonyesha kitu umenielekea.

"Odi," alisema, "mimi ni chura?"

"Hapana."

"Nakaa kwa ndoo?"

"Hapana."

"Basi mtie chumvi, wewe! Unangoja nini? Anaumia!"

Baba alicheka, au alikohoa, sikuweza kujua. Mama akaona nafasi yake akaichukua haraka. "Na wewe je?" alimwambia Anyango. "Mheshimiwa atakubali dawa yake, na wewe chakula ya hospitali unakataa? Tangu juzi hujakula, ati haina ladha."

Anyango alifikiri. Kuanzia pale nilijua kwamba bado ni yeye, kwa sababu alikuwa anatafuta masharti. "Mheshimiwa akikaa kwa chumvi bila kuruka nje," alisema, "nitakula hayo maharagwe."

Tulirudi nyumbani tukitembea haraka, baba akipiga hatua moja na mimi tatu. Alinawa mikono kwa sabuni, akasuuza, akanawa tena, akasuuza tena, akainusa, akanawa mara nyingine. Nilimshikia karai. Mheshimiwa alipoingia kwenye maji ya chumvi alitanua vidole, akatulia. Hakuruka. Tulikaa kando yake, baba na mimi, tukimwangalia chura kama watu wengine wanavyoangalia mpira kwenye televisheni, na baba alipoona muda umetosha alimwinua kwa viganja vyake vikubwa, taratibu kuliko nilivyowahi kumwona akishika kitu chochote, akamrudisha kwenye ndoo yenye maji yaliyokwisha kukaa. Kisha akampigia mama simu. "Mwambie amekaa. Mwambie hakuruka."

Ikawa kazi yetu ya kila siku. Nikitoka shule nilimkuta amekwisha weka maji tayari, mikono ameinawa mpaka imepauka. Tulipomaliza tulikula, na chakula chetu pia hakikuwa na chumvi. Baba alikuwa ameamua, bila kuuliza mtu, kwamba Anyango akila bila chumvi nyumba nzima inakula bila chumvi. Ugali wake na sukuma wiki vilikuwa na ladha ya karatasi. Tulivimaliza. Aliniuliza juu ya shule, nami nikagundua kwamba nina mengi ya kumwambia.

Mchana mmoja nilikuwa mlangoni nikichambua omena nilipomwona baba akija kutoka barabarani akikimbia. Sijawahi kumwona akikimbia tena maishani. Shati lilikuwa nje, na alipofika karibu na nyumba ya kwanza alianza kupaza sauti.

"Amekojoa! Anyango amekojoa!"

Wanawake waliokuwa wakisuka nywele nje waliinua vichwa. "Amejaza chombo," aliwaambia, mikono ikionyesha ukubwa wake. "Akarudi akajaza tena! Daktari anasema dawa imeshika!" Madam Achola alitoka nje na daftari za wanafunzi mkononi na kuanza kupiga vigelegele, na wale wasusi wakaitikia, na kwa dakika nzima mtaa wetu ulishangilia mkojo wa dada yangu kama harusi.

Nilikimbilia ndani kwenye ndoo nikitarajia kumkuta Mheshimiwa amekuwa mwembamba. Alikuwa bado amefura. Alikuwa amepungua kidogo tu, kama mpira uliotoka pumzi. Nilisimama pale nimechanganyikiwa. Nje watu walikuwa wanacheka, na chura alikuwa bado anaelea, na mambo hayo mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja.

Anyango alirudi nyumbani kabla Mheshimiwa hajapona. Alikuja na miguu yake myembamba ya zamani, mfuko wa vidonge, na njaa ya ajabu ambayo vile vidonge vilimpa. Alichukua nafasi ya baba kwenye karai, na baba akarudi Muhoroni, ingawa sasa alipiga simu na kuniulizia mimi kwanza. Ni Anyango aliyeniita siku ile chura alipozama. Tuliinama juu ya ndoo vichwa vimegongana, tukamwona chini kabisa, kando ya jiwe, bapa kama zamani. Nikaachia kipande cha omena. Kikashuka polepole. Mikono yote miwili ikainuka.

Mvua nyingine zilikuja na kupita. Ugonjwa ule, madaktari walikuwa wamemwambia mama, una tabia ya kurudi kwa watoto, na usicheleweshwe. Asubuhi moja niliamka kabla ya wengine. Mheshimiwa alikuwa akiogelea vizuri, mnene wa kushiba tu, akipiga miguu na kuteleza kutoka ukingo hadi ukingo. Nilimpita. Nilikwenda kusimama kando ya kitanda cha Anyango, nikamtazama usoni akiwa amelala, kope zake, mashavu yake. Nikafunua blanketi miguuni, nikabonyeza kwa kidole kama nilivyomwona mama akifanya. Shimo likabaki.

Nilikwenda kumwamsha mama.

Hawakumlaza mara ile. Tulikuwa tumewahi, daktari alisema, na wakarudi siku ile ile na vidonge. Adhuhuri nilimkuta Anyango mezani, uso umejaa, kijiko mkononi, akimlalamikia mama kwamba haya maharagwe bila chumvi hata mfungwa hawezi kula. Lakini alikuwa anakula. Alinisogezea sahani yake katikati, nikachukua kijiko changu, nikaketi.